Kuku Anayeatamia Si Mvivu

Mwezi huu tumzungumzie kuku ambaye katika nyumba nyingi huonekana hana faida. Amekwisha taga mayai yake 12 au zaidi kidogo, na sasa amejikunja kiotani. Manyoya ameyafurisha, na ukimsogelea anakudonoa. Hatagi tena, na hata kula anakula kidogo tu. Baba akipita husema, “Huyu mvivu, tumchinje Jumapili.” Wengine humtumbukiza katika maji baridi, au humpitisha unyoya puani, ili aache kulalia arudi kutaga.

Kabla hujakubali, mama, fikiri kidogo. Kuku huyo hajaacha kazi, bali ameanza kazi nyingine iliyo kubwa zaidi.

Kuku wa kisasa wa mayai huweza kutaga karibu mayai 300 kwa mwaka. Lakini hao walipatikana kwa watu kuchagua, kizazi baada ya kizazi, kuku wanaoendelea kutaga, na kuwaacha wale wanaopenda kulalia. Mwishowe tabia ya kuatamia ikawatoka karibu kabisa, na leo mayai ya uzao wao huanguliwa kwa mashine. Kuku wetu wa kienyeji hutaga machache, kiasi cha 30 hadi 60 kwa mwaka, lakini mashine anayo kifuani mwake. Haihitaji umeme wala mafuta ya taa, na wala haiharibiki mvua inaponyesha.

Fanya hesabu nami. Tuseme kuku wako ameatamia mayai 12, wakaanguliwa vifaranga 10, na kwa uangalizi mzuri wakakua 7. Akifanya hivyo mara tatu kwa mwaka, umepata kuku 21 kutoka kwa mama mmoja. Mayai yale 36 ungeyauza yote, ungepata fedha ya kununua kuku wangapi?

Hasara isiyoonekana upesi

Tazama jinsi tabia hii njema inavyoweza kupotea nyumbani. Familia inatamani kuku wakubwa, basi jogoo wa kienyeji anauzwa na jogoo chotara ananunuliwa. Mwaka wa kwanza wote wanafurahi, kwa maana vifaranga wanakua haraka. Sikukuu inapofika, mitetea wazee wanauzwa, wanabaki binti zao. Hao binti wanataga vizuri, lakini mmoja analalia siku nne na kuondoka mayai yakiwa yamekwisha anza kuumbika, na mwingine halalii kabisa. Sasa mama akitaka vifaranga ni lazima anunue kila msimu, kwa fedha taslimu. Na fedha yenyewe ni ile ya daftari na sare za shule.

Sisemi kwamba chotara ni mbaya. Anayetaka nyama na mayai ya kuuza haraka, na anaweza kununua chakula chao, awafuge. Lakini wafugwe kando. Kundi lako la asili, liwe la kuchi warefu, kishingo, kidimu au wa kawaida tu, lilinde lisichanganyike lote. Kuku kwa mama wengi ndio benki ya kwanza, na mama anayeatamia ndiye mtaji wenyewe.

Kuchagua mama wa kundi

Usichague kwa macho tu. Chukua daftari, na kila kuku mpe alama, kwa mfano kitambaa cha rangi mguuni. Andika mambo matatu: amelalia mayai mangapi, yameanguliwa mangapi, na baada ya miezi miwili vifaranga wangapi wangali hai. Baada ya mwaka mmoja utashangaa. Yule mnene mwenye rangi nzuri huenda akawa hodari wa kuvunja mayai, na yule mdogo mweusi usiyemjali ndiye aliyejaza banda.

Huyo mdogo mweusi usimuuze angali na nguvu. Weka binti zake. Weka na mwanawe mmoja awe jogoo, kwa sababu jogoo haatamii, lakini tabia ya mama yake imo katika damu yake, naye huwarithisha binti zake. Ila asipande dada zake. Badilishana jogoo na mama mwenzako wa kijiji kingine ambaye naye anachagua kama wewe. Jogoo mmoja anatosha mitetea 10.

Kumsaidia anayeatamia

1. Mjaribu kwanza. Mwachie mayai mawili tu kwa siku mbili. Akilala juu yake usiku na mchana bila kuhama, yuko tayari.

2. Tengeneza kiota mahali penye giza kidogo na utulivu. Tumia kikapu kipana au boksi. Chini weka mchanga, juu nyasi kavu zilizobonyea katikati.

3. Nyunyiza majivu kiotani na chini ya mbawa zake. Utitiri ndio humfanya mama mwema akimbie mayai yake.

4. Mpe mayai 10 hadi 13, kadiri anavyoweza kuyafunika yote. Yawe safi, yasiyo na ufa, na yasizidi siku 7 tangu kutagwa. Mpe yote kwa pamoja, jioni.

5. Weka maji na nafaka karibu. Atatoka mara moja kwa siku kwa muda mfupi. Usimfukuze arudi.

6. Siku ya 7, usiku, mulika kila yai kwa tochi. Lenye mishipa kama utando wa buibui lina uhai. Lililo jeupe tupu liondoe.

7. Siku ya 21 acha mayai yaanguliwe yenyewe. Usiwavute vifaranga kutoka ganda.

Ukiwa na mitetea wawili walio tayari, waatamishe siku moja. Vifaranga wakitoka, usiku wape wote yule mama hodari zaidi, wasizidi 15 hivi. Mwenzake atarudi kutaga mapema.

Baada ya kuanguliwa

Wahenga walisema kuku mwenye watoto halengwi jiwe. Lakini mwewe, kunguru na kicheche hawazijui methali. Wiki nne za kwanza wafunike vifaranga chini ya tenga mchana, pamoja na mama yao, kisha uwatoe kidogo kidogo ukiwapo. Wape chenga za mahindi, mchwa na dagaa waliosagwa, na maji katika chombo kifupi chenye kokoto ndani wasizame.

Adui mkubwa kuliko mwewe ni mdondo, ambao huweza kumaliza banda zima kwa juma moja. Ukiingia, hauna tiba, lakini chanjo ipo: tone moja katika jicho, ikirudiwa kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja huchanja kuku wengi, na ikifunguliwa haikai sana. Basi shirikianeni nyumba kadhaa, mchange, mchanje siku moja. Muulizeni mtaalamu wa mifugo wa kata yenu.

Juma hili, mama, ingia bandani jioni na daftari lako. Hesabu ni mitetea wangapi wa kwako waliowahi kuangua na kulea mpaka mwisho. Ikiwa wamebaki wawili tu, basi hao wasiuzwe sikukuu hii, hata mnunuzi akiongeza bei.