Mambo ya Nyumbani: Chakula cha Kuku wa Uani



Mwezi uliopita tulizungumza katika ukurasa huu juu ya kizimba cha kuku, tukaahidi kwamba mwezi huu, Mungu akipenda, tutaeleza khabari za chakula chao. Ahadi ni deni, na leo twalilipa. Lakini kabla ya kutaja vipimo na aina za vyakula, yanipasa nisimulie kisa kilichonipata mimi mwenyewe. Kukisimulia kwanitia haya, ila huenda kikamfaa mwenzangu kuliko mawaidha matupu.

Mwaka 2017 ndugu yangu alifariki dunia, Mungu amrehemu, akaacha binti mdogo ambaye mama yake alikwisha tangulia. Tukamchukua tukamlea. Katika vitu vichache alivyorithi mlikuwa na kuku wanne wazuri, nasi tukakata shauri kuwa kuku hao wabaki ni mali yake mwenyewe, na mayai yao yakiuzwa yamnunulie madaftari na sare ya chuoni. Wawili kati yao wakalalia, wakaangua vifaranga 20. Furaha ya mtoto yule haikuwa na kifani.

Wakati ule nilikuwa nimenunua gunia la chakula cha kuku wa kutaga kwa ajili ya kuku wangu. Nikasema moyoni mwangu: chakula ni chakula; kikimfaa mama, vipi kisimfae mwana? Tena nilikinunua kwa bei kubwa, nikadhani nimewafanyia vifaranga wale ihsani. Zikapita wiki tatu, wakaanza kuzubaa. Mbawa zimelegea, wanywa maji bila ya kukata kiu, na kinyesi chao cheupe cha majimaji. Nikadhani ni kideri. Hata ilipotimia wiki ya sita walikuwa wamekufa 11.

Nikamwita bwana mifugo. Akampasua mmoja mbele yangu, akanionyesha mafigo yaliyovimba, na juu ya moyo na ini umeenea unga mweupe mfano wa chokaa. Akaniuliza, "Wawalisha nini, mzee wangu?" Nikamletea gunia. Akalitazama, akatikisa kichwa, akasema, "Hawa hawakuuawa na kideri. Wameuawa na gunia hili."

Binti yule alikuwa amesimama mlangoni anasikia. Akaniuliza, "Ami, kwani chakula chenyewe kilikuwa kibaya?" Nikakosa la kumjibu, maana chakula hakikuwa kibaya. Kilikuwa kizuri kwa kuku mwingine, si kwa wale.

Basi hilo ndilo jambo tulitakalo msomaji alishike leo. Usiulize, "Ni kipi chakula kizuri cha kuku?" Uliza, "Kuku huyu ana umri gani, na ana kazi gani?" Kuku wa kutaga hutoa kila yai na gamba lake, na gamba hilo karibu lote ni chokaa, kwa hiyo chakula chake hutiwa chokaa nyingi, kiasi cha sehemu 3 na nusu hata 4 katika mia ya kalisi. Kifaranga hahitaji ila sehemu 1 tu katika mia. Inayozidi hapo mafigo yake madogo hayawezi kuitoa, nayo ndiyo humwua.

Ama mpango wenyewe ni kama hivi. Tangu kuanguliwa hata wiki ya 8, kifaranga apewe chakula cha vifaranga chenye protini kiasi cha sehemu 18 hata 20 katika mia, kwani hiyo ndiyo ijengayo nyama, damu na manyoya. Kutoka hapo hata kukaribia kutaga, kiasi cha wiki ya 18, apewe chakula cha kukuzia chenye protini sehemu 15 au 16. Akilishwa zaidi hunenepa na mafuta yakamzuia kutaga vizuri. Aanzapo kutaga, ndipo apewe chakula cha kutaga chenye protini sehemu 16 hata 18 pamoja na ile chokaa tuliyoitaja. Na unapobadilisha chakula, changanya kipya na cha zamani kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja, ili tumbo lake lisishtuke.

Huenda bibi wa nyumba akasema, "Kuku wangu wote wamo katika ua mmoja, mama na watoto. Nitawatenganishaje?" Jawabu ni jepesi. Chukua tenga, lifunike chini kifudifudi, ulikate vijilango ambavyo kifaranga hupita na mama hapiti, na chakula cha watoto ukiweke humo ndani. Au wape wote chakula cha kukuzia kisicho na chokaa nyingi, kisha weka kando chombo cha makombe ya pwani yaliyopondwa. Kuku wa kutaga atayaendea mwenyewe kwa kadiri ya haja yake. Maganda ya mayai pia yafaa, lakini uyakaange kwanza na kuyaponda yasionekane kuwa ni maganda, ama sivyo utawafundisha kuku kula mayai yao wenyewe.

Wako wasioweza kununua chakula cha dukani kila mara, nao wasikate tamaa. Kwa kuku wa kutaga waweza kuchanganya nyumbani kiasi cha kilo 10 namna hii: mahindi yaliyoparazwa kilo 4 na nusu, pumba za mahindi kilo 1 na robo tatu, mashudu ya alizeti kilo 2, dagaa waliosagwa gramu 900, makombe yaliyopondwa gramu 800, chumvi gramu 25, na dawa ya vitamini na madini inayouzwa kwa jina la premiksi kwa kipimo kilichoandikwa katika pakiti yake. Kuku mmoja mkubwa wa kutaga hula kiasi cha gramu 120 kwa siku, basi mchanganyiko huo watosha kuku 10 kwa siku nane. Majani mabichi, kama mchicha, wapewe kila siku. Hayo ndiyo yatiayo kiini cha yai rangi nzuri.

Katika mchanganyiko huo yako ya kuangaliwa. Dagaa waliokolezwa chumvi wasitiwe, maana chumvi nyingi ni sumu kwa kuku. Na hata wasio na chumvi wakizidi, mayai hunuka samaki. Soya mbichi haifai mpaka ikaangwe. Muhogo mbichi una sumu, hauna budi kumenywa na kukaushwa vizuri kwanza. Na wanaodhani kuwa pumba peke yake zatosha, wajue kuwa kuku wa pumba tupu ni kama mtu alaye ugali bila ya kitoweo: hushiba, wala hajengeki.

Maji nayo ni chakula, bali ni zaidi ya chakula. Kuku hunywa maji kiasi cha mara mbili ya uzito wa anachokula, na jua likiwa kali huzidisha. Kuku aliyekosa maji siku moja tu huweza kupunguza kutaga kwa siku nyingi. Basi maji yawe safi, yawe kivulini, na chombo kioshwe kila asubuhi.

Sasa twafika kwenye jambo ambalo ni zito kuliko yote, nalo ni ukungu. Ni mazoea ya watu wengi kwamba mahindi yakiota kuvu, au machicha ya nazi yakilala mpaka yakabadilika, husema, "Haya hayatufai sisi, wapeni kuku." Huku ni kujidanganya. Kuvu hutoa sumu iitwayo sumukuvu, na sumu hiyo haionekani kwa macho, wala haiondoki kwa kupikwa kwa kawaida. Mwaka 1960 huko Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000 kwa maradhi yasiyojulikana. Wataalamu walipochunguza waligundua kuwa sababu yake ilikuwa ni mashudu ya njugu yaliyotoka Brazil, yaliyoingia kuvu; na hapo ndipo sumu hii ilipojulikana na kupewa jina. Wala haiwadhuru ndege tu. Mwaka 2004 katika sehemu za mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yaliyoingia sumu hii, na 125 kati yao wakafa.

Kuku akila mahindi ya namna hiyo, ini lake huharibika, hupunguza kutaga, na nguvu zake za kupigana na maradhi hupungua. Sehemu ya sumu hukaa katika ini, na kidogo huingia katika yai. Kwa hiyo kile ulichokikataa mezani kwa mlango wa mbele, chaweza kukurudia kwa mlango wa uani, nawe ukampa mwanao kwa mkono wako. Chakula kilichoota kuvu asipewe kuku, asipewe bata, ambaye ni dhaifu zaidi mbele ya sumu hii; kizikwe.

Na kinga ni bora kuliko majuto. Kabla ya kuweka mahindi akiba, yapime hivi: chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia mahindi kiasi pamoja na chumvi kavu, uitikise kwa dakika chache. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi bado yana unyevu, yarudishe juani. Magunia usiyalaze sakafuni, yaweke juu ya mbao, mbali na ukuta. Na unaponunua dukani, tazama kimeandikwa ni cha kuku wa umri gani na kimetengenezwa lini. Kishike kwa mkono, ukinuse. Kikiwa na mabonge, au joto, au harufu ya uvundo, kiache japo wapunguziwe bei. Wala usinunue zaidi ya cha mwezi mmoja.

Limebaki swali ambalo wasomaji wetu huuliza mara kwa mara: Kuku azungukaye majaani akila uchafu, hukumu yake ni nini? Kuku mwenyewe ni halali bila ya shaka. Imepokewa katika Bukhari kwamba mtu mmoja alijitenga na nyama ya kuku kwa kuwa alimwona akila kitu kichafu, na Abu Musa al-Ash'ari akamwita ale, akamweleza kwamba yeye alimwona Mtume, rehema na amani zimshukie, akimla. Lakini pia imepokewa makatazo juu ya mnyama ambaye wingi wa chakula chake ni najisi, wanazuoni wamwitaye jallala. Na imepokewa kuwa Ibn Umar alikuwa akimfungia kuku wa namna hiyo siku tatu kabla ya kumla. Basi mwenye kufungia kuku wake na kumlisha chakula safi kabla ya kumchinja amefanya vema kwa dini yake na kwa afya yake. Na juu ya vyakula vya dukani vinavyotiwa damu iliyokaushwa, muulize mwenye duka kilichomo, kisha umuulize sheikh wako.

Mnyama uliyemfungia hawezi kwenda kujitafutia. Riziki yake Mwenyezi Mungu ameipitisha katika mkono wako, na sote twaijua khabari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfunga asimpe chakula wala asimwache akajitafutia. Mimi vifaranga wale sikuwanyima. Niliwalisha bila ya kuuliza. Kuku hatofautishi kati ya kunyimwa na kukosewa.

Vifaranga 11 nilivilipa kutoka mfukoni mwangu, kwani mali ya yatima si kitu cha kusema "bahati mbaya" kisha kikapita. Bwana mifugo akatuandikia vipimo kwenye karatasi, na binti yule akaibandika nyuma ya mlango wa jikoni. Siku hizi yeye ndiye apimaye. Nikimletea gunia kutoka sokoni, hulifungua kwanza, akateka konzi moja, akalinusa, ndipo huniambia, "Ahsante, ami." Nami husubiri pale mpaka aliseme neno hilo.

Mwezi ujao, inshallah, tutazungumza juu ya kideri na chanjo yake. Mwenyezi Mungu atuwafikishe katika kutunza amana zake, kubwa na ndogo. Amin.