Haraka Isiyongoja Salamu

Yeyote apitaye barabara za Kampala wakati wa jioni huziona bodaboda zikipenya katikati ya magari, na abiria akimhimiza dereva aongeze mwendo. Chombo hiki kilianzia mpakani Busia katika miaka ya 1960, kikiwa baiskeli ya kuvushia watu. Hatukilaumu, maana kimewafaa wengi. Tunaulaumu ule moyo wa haraka ambao abiria hushuka nao, akaingia nao nyumbani, ofisini, hata darasani.

Salamu siku hizi hukatwa katikati. Mzee hujuliwa hali kwa neno moja, na jibu lake halingojwi. Nasi walimu twatakiwa kufundisha Kiswahili kwa kasi ile ile: mzazi ataka mwanawe aseme lugha sanifu baada ya majuma machache, kana kwamba ngeli za majina ni mizigo ya kupakia na kushusha.

Twauliza: haraka hii ilikuwa wapi? Kiswahili kilitajwa katika Katiba ya Uganda kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Baraza la Mawaziri likaja kuagiza kifundishwe kwa lazima shuleni mwezi Julai 2022. Wakubwa wamejikongoja miaka 17, leo mtoto ndiye akimbizwe!

Walimu wenzetu, tusikubali. Lugha huingia kwa kusikilizana, na kusikilizana kwataka muda. Kesho asubuhi, kabla ya kufungua kitabu, tuwasalimu wanafunzi wetu, kisha tungoje waitikie.