Wewe Unayegawa Alama kwa Baa za Kiayalandi Marekani, Unapima Baa au Unapima Fenicha?

Jina simtaji, wanaomfuatilia mnamjua. Jamaa anazunguka miji ya Marekani, leo Boston, kesho Chicago, keshokutwa kamji ambako hata Wamarekani wenyewe hawakajui. Anaingia baa ya Kiayalandi, anaagiza Guinness moja, anarekodi sekunde 30, anatoa alama. 3 kwa 10. 9 kwa 10. Kisha huyoo, kasepa.

Wadau, huu ni uzushi. Wenye Guinness yao wanasema kuimimina inavyotakiwa ni sekunde 119.5. Yaani hukumu inatoka kabla povu halijatulia!

Na anapima nini? Mbao nyeusi, mabango ya kizamani ukutani, glasi imekaaje. Sasa hivyo vyote si vinanunuliwa? Dublin kuna kampuni inaitwa The Irish Pub Company, kazi yao ni kubuni baa. Unachagua mtindo, wa nyumba ya kijijini, wa duka la zamani, wa kiwanda cha bia, kaunta inachongwa Ireland, inapandishwa meli, inakuja kufungwa kwako. Sina ugomvi nao, biashara ni biashara, na baa nyingine wanazotengeneza ni kali kweli. Ila ukiipa 9 kwa sababu eti ni "ya asili kabisa", umesifia kontena.

Haya, nenda McSorley's pale New York, wenyewe wanasema wapo tangu 1854. Chini maranda ya mbao, bia aina mbili tu, nyepesi na nyeusi, zote za kwao. Guinness hupati. Kwa kipimo cha jamaa ile ni sifuri. Na msianze kuisujudia pia, maana hiyo hiyo iliwafungia wanawake mlango hadi 1970, tena mpaka walipolazimishwa.

Kilichonichefua zaidi ni ile video ya baa ya mji mdogo. Jamaa kakuta nyama ya chumvi na kabichi kwenye menyu, akacheka, "hiki chakula hata Ireland hawali." Kaka, ndiyo, kwa sababu ni chakula cha Waayalandi wa Marekani! Watu waliokimbia njaa kubwa iliyoanza 1845, wakafika miji kama New York hawana kitu, nyama ya nguruwe waliyoizoea kwao hawaimudu, wakanunua ya ng'ombe kwa wachinjaji wa Kiyahudi mtaani kwao. Unacheka historia ya watu ukiwa umekalia kiti chao. Na mashabiki wake wakaenda kuimwagia baa ile nyota moja moja, wakati hata mji wenyewe hawajawahi kuukanyaga. Mwenye baa ana kodi ya pango, ana wafanyakazi, hana wafuasi wa kumtetea.

Baa ya Kiayalandi ipime Jumanne usiku. Wazee wa mtaa wapo? Kuna watu watatu kona ile na fidla na filimbi, wanapiga bila jukwaa wala kipaza sauti? Mhudumu anajua nani kafiwa wiki hii? Kama yapo, hata kaunta ikiwa ya plastiki mimi nakaa.

Rudi kule kaka, ukae masaa matatu. Na safari hii bili ulipe mwenyewe.