Njia za miguu na baiskeli ziungwe hadi mpakani

Neno boda boda lilizaliwa mpakani Busia, vijana wa baiskeli walipokuwa wakivusha abiria na mizigo kati ya Uganda na Kenya. Leo jina limehamia kwenye pikipiki na kuenea Afrika Mashariki nzima, lakini baiskeli yenyewe bado haijapewa njia.

Tangu 2018 Busia ina kituo cha pamoja cha huduma za mpakani, na lori hukaguliwa upande mmoja tu. Hatua hiyo inastahili pongezi. Hata hivyo, wafanyabiashara wengi wadogo hawavuki kwa lori. Huvuka na gunia kichwani au juu ya baiskeli, na wapo watu wenye ulemavu wanaosafirisha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu. Wakishatoka getini, hubanwa kati ya matrela na mtaro.

Sera haikosekani. Uganda ina sera ya usafiri usiotumia injini tangu 2012, na Kaunti ya Nairobi tangu 2015. Jijini Kampala, KCCA ilichagua Barabara ya Namirembe na Mtaa wa Luwum kuwa mfano wa njia ya waenda kwa miguu na baiskeli, jirani na masoko na vituo vya magari. Tatizo ni kwamba kipande kizuri kikiisha, mwenye mzigo hurudi kugombania lami na magari.

Hakuna anayedai njia ya baiskeli ya kilomita 200 kutoka Kampala hadi Busia ijengwe kwa mwaka mmoja. Kinachohitajika ni orodha ya mapengo na kuanza na yale yenye watu wengi: kati ya masoko ya Kampala na vituo vya mabasi, katikati ya miji ya Mukono, Jinja, Iganga na Bugiri, na kilomita za mwisho kabla ya geti. Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi iweke sharti hilo katika kila mkataba wa barabara. Jumuiya nayo ihakikishe njia ya Uganda inakutana na ya Kenya.

Vyama vya wafanyabiashara visingoje kuitwa. Wanachama wao wanajua kila mahali njia inapokatika, wawaonyeshe wahandisi.

Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika 2010. Haifai mwenye baiskeli aendelee kulifikia soko hilo kwa kuhatarisha maisha yake.