Jukwaa mmeling'oa, bomba je?

Safu ya UPEPO WA KUSI, na Salma Mbwana

Mwaka 1995 Ulaya iligombana juu ya Brent Spar, tangi la mafuta lililoelea Bahari ya Kaskazini ambalo Shell ilitaka kulizamisha Atlantiki. Greenpeace walilipanda, Wajerumani wakasusia vituo vya mafuta vya Shell, kampuni ikasalimu amri. Mwaka 1998 nchi za OSPAR, mkataba wa kulinda bahari, zikapiga marufuku kuyaacha baharini majukwaa yaliyokwisha kazi, isipokuwa baadhi ya yale makubwa mno. Heko kwao. Ila uamuzi ule haukuyagusa mabomba ya chini ya bahari, na mionzi imo humo.

Maji yanayopanda pamoja na mafuta hubeba radiamu kutoka kwenye miamba. Yakikutana na maji ya bahari yanayosukumwa kisimani, bariamu na salfeti huganda bombani kama ukoko wa sufuria, na radiamu hunasa humo. Radiamu-226 huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Chuma kitakuwa kimeoza zamani.

Wenye mabomba wana hoja ya kuyaacha, tena si ya kubezwa. Ukoko huo hauyeyuki kirahisi, na miale ya alfa ya radiamu haipenyi chuma. Samaki anayepita juu ya bomba zima hapati dhara la maana. Sawa, leo. Bomba likitoboka, ukoko humwagika topeni. Kwenye tope lisilo na oksijeni kuna bakteria wanaotumia salfeti kupumua, na salfeti ikiondoka radiamu huachiwa. Minyoo hula tope, samaki hula minyoo. Tena radiamu inafanana kikemia na kalsiamu, kwa hiyo huingia kwenye makombe na mifupa. Watafiti wa ANSTO, taasisi ya nyuklia ya Australia, wamekuwa wakipima jinsi ukoko huu unavyowafikia viumbe wa baharini. Vipimo hivyo vije kabla ya ruhusa ya kuacha bomba, si baada yake.

Msimamo wangu: bomba lenye ukoko lisafishwe au ling'olewe wakati mwenye nalo bado yupo. Kampuni huuzwa, hufilisika, hubadili jina. Anayebaki na bahari ni mvuvi na serikali yake.

Sisi Watanzania nasi tumo. Gesi ya kisiwa cha Songo Songo inafika bara tangu 2004 kwa bomba linalopita chini ya bahari. Gesi haikusanyi radiamu kama mafuta, lakini huweza kuacha bombani risasi-210, nayo ina mionzi. Nani atalipima na kuliondoa siku ikifika, na kwa fedha ipi? Hilo liandikwe sasa, gesi ikiwa bado inauzwa.