Programu za viraka ni hasara kwa ushirika

Katika bajeti ya mwaka 2017, Serikali ilitangaza kupunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara, na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Kwa mnunuzi wa mahindi katika soko la Kibaigwa, wilayani Kongwa, hiyo ilikuwa habari njema. Mzigo wa Sh. milioni 10 uliokuwa ukitozwa Sh. 500,000 ungetozwa Sh. 200,000.

Kwa anayetumia daftari, mabadiliko hayo ni kufuta namba moja na kuandika mbili. Kwa chama cha ushirika au kampuni inayotegemea programu ya kompyuta iliyotengenezwa zamani, kazi huwa kubwa zaidi. Katika programu nyingi za aina hiyo, ile asilimia 5 huwa imeandikwa kila mahali: kwenye risiti, kwenye hesabu ya jioni na kwenye taarifa ya mwezi. Fundi akisahau sehemu moja tu, risiti itasema hili na taarifa itasema lile.

Mbaya zaidi, kiwango kimoja kiligeuka viwili. Fundi mwenye haraka huweka kiraka: kama ni mahindi, toza 2. Kesho analetewa mtama, anaongeza kiraka. Keshokutwa ni uwele. Baada ya misimu michache hakuna anayejua kilichomo, na fundi akihama, chama kinabaki na kompyuta isiyoweza kuguswa.

Dawa ya ugonjwa huu si ngeni. Katika miaka ya 1960, Wanorwe wawili, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, walitengeneza lugha ya kompyuta iliyoitwa Simula. Ndani yake programu haikuwa tena mlolongo mmoja mrefu wa maelekezo, bali mkusanyiko wa vitu, kila kitu kikitunza kumbukumbu zake na kazi zake. Lugha nyingi zinazotumika leo, ikiwamo Java, zimefuata njia hiyo.

Mkulima anayefahamu stakabadhi ghalani, utaratibu uliowekewa sheria mwaka 2005, ataelewa haraka. Mwenye mzigo haingii ghalani kujichukulia magunia. Anampa mtunza ghala stakabadhi, naye anajua mzigo uko wapi na una kilo ngapi. Mtunza ghala akipanga upya magunia yake, mwenye mzigo hapati usumbufu wowote.

Programu iliyosanifiwa kwa vitu hufanya vivyo hivyo. Kuna kitu kinachoitwa zao, kingine mwanachama, kingine ghala. Sehemu inayoandika risiti haihesabu ushuru yenyewe, inaliuliza zao. Mahindi na mtama, kama mazao ya chakula, yanarithi kanuni moja. Alizeti inarithi kanuni ya mazao ya biashara. Kiwango kikibadilika, panaguswa mahali pamoja, na risiti na taarifa zote zinafuata.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya wataalamu. Si kweli. Mwanachama anayeuziwa alizeti yake kupitia chama hulipwa kwa namba zinazotoka kwenye kompyuta ile. Namba zikikosewa, hana njia rahisi ya kuzihakiki, na ugomvi huishia kwa katibu ambaye pengine hana kosa. Uaminifu wa chama huanza kupotea hapo.

Hata hivyo, si busara kutupa programu ya zamani kwa siku moja. Ndani yake mna madeni, hisa na kumbukumbu za miaka mingi. Njia salama ni kuihamisha kipande kwa kipande, kuanzia kinachobadilika mara kwa mara, yaani ushuru na makato. Kipande kipya kifanye kazi sambamba na cha zamani kwa msimu mmoja, na majibu yalinganishwe kabla ya kuachana na cha zamani. Duka dogo lenye bidhaa chache halihitaji gharama hiyo. Daftari safi linatosha.

Mafundi nao hawako mbali. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kinafundisha fani ya kompyuta hapa hapa. Kinachokosekana ni wateja wanaojua cha kuuliza.

Kwa hiyo bodi ya chama inapoletewa programu, isiridhike na rangi nzuri za kioo. Imuulize fundi swali moja: ushuru ukibadilika kesho, utagusa sehemu ngapi? Akijibu moja, aoneshe mbele ya wajumbe. Akianza kuzihesabu kwa vidole, fedha za wanachama zibaki benki kwanza.