Kupatana na Adui si Kumwamini

Wako Wakristu wanaosema, tena wengine husema hata mlangoni mwa kanisa baada ya Misa: «Serikali mbaya haipewi mkono. Anayetia sahihi karatasi moja na adui wa Mungu amekwisha kuwa rafiki yake.» Husema hivyo hasa juu ya mapatano ya atomu ambayo mataifa makubwa yalifanya na Iran mwaka 2015. Maneno hayo wameyasikia kwa wahubiri wa ng'ambo, katika radio na katika simu, nao wameyapokea kana kwamba ni mafundisho ya dini. Siyo mafundisho ya dini. Ni fikira yenye hatari, na mwenye kuifuata aweza kuunguza nyumba ya jirani pamoja na ya kwake mwenyewe.

Kwanza tulijue jambo lenyewe, maana wengi hubishana juu ya kitu wasichokijua. Urani inayochimbwa ardhini, katika sehemu 1,000 ni 7 tu zenye nguvu ile inayotafutwa. Ili kuziongeza, wataalamu huitia urani katika mashine zinazozunguka kwa mbio kubwa, zikitenga iliyo nyepesi na iliyo nzito, karibu kama mama apepetavyo mchele katika ungo. Ikifika sehemu 3 au 4 katika 100, yafaa kwa kutengeneza umeme. Ikifika 90 katika 100, yafaa kwa bomu. Mashine ni zile zile. Basi, atakaye kujua nia ya mwenye mashine hana budi kuingia ndani, kuhesabu na kupima. Kwa kusimama nje na kumtukana hatajua kitu.

Hiyo ndiyo kazi iliyofanywa na mapatano ya Vienna ya tarehe 14 Julai 2015. Upande mmoja ilikuwa Iran. Upande wa pili ilikuwa Marekani, Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Urusi na China, pamoja na Umoja wa Ulaya. Iran ilikuwa na mashine karibu 19,000. Ilikubali zibaki 6,104. Ilikubali isipepete urani kupita 3.67 katika 100 kwa muda wa miaka 15, wala isiweke akiba kupita kilo 300. Mnamo Desemba 2015 ilipakia zaidi ya kilo 11,000 za urani katika meli na kuzipeleka Urusi. Kiini cha tanuri la atomu la Arak kilijazwa saruji. Wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, lenye makao yake Vienna, waliruhusiwa kuingia, kupima, kuweka kamera na kutia lakiri. Malipo yake ni kwamba Iran iliondolewa vikwazo vya biashara, na fedha zake zilizozuiliwa ng'ambo zikafunguliwa.

Huko Marekani watu walibishana kwa ukali sana. Katika Baraza la Seneti, mwezi wa Septemba 2015, wapinzani walipata kura 58, nao walihitaji 60 ili kuendelea mbele. Hoja zao hazikuwa za kipumbavu, na haifai kuzificha. Tuzitazame moja moja.

Hoja ya kwanza: serikali ya Iran ni adui, tena ni mwongo. Ni kweli. Mwaka 1979 wanafunzi wake waliteka ubalozi wa Marekani, na watu 52 wakashikwa siku 444. Kiwanda cha Natanz kilifichwa mpaka mwaka 2002, na kile cha Fordow, kilichochimbwa ndani ya mlima, mpaka mwaka 2009. Tena serikali hiyo imewafunga watu walioacha Uislamu wakabatizwa. Hao ni ndugu zetu, nasi hatuwasahau. Lakini maneno hayo yanathibitisha nini? Yanathibitisha kwamba mtu wa namna hiyo asiachwe bila wakaguzi. Mkopeshaji hamwandikishi mdeni karatasi kwa sababu anamwamini sana. Humwandikisha kwa sababu hana hakika naye. Adui mwongo ndiye anayehitaji kamera na lakiri kuliko wote.

Sisi wa Congo twajua bei ya kitu kisichohesabiwa vizuri. Mwaka 1959 tanuri dogo la atomu, la kwanza katika Afrika, liliwashwa mjini Kinshasa katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Lovanium, kwa ajili ya masomo. Katika miaka ya 1970 fimbo mbili za urani zilitoweka hapo. Moja ilikamatwa Italia mwaka 1998 mikononi mwa wahalifu. Ya pili haikuonekana. Ikiwa hivyo ndivyo mambo huenda penye walimu na wanafunzi wasiotaka vita, itakuwaje penye majemadari wanaoitaka?

Hoja ya pili: mapatano yale hayakuzuia makombora ya Iran, wala silaha na fedha inazowapa wapiganaji wa Lebanoni na kwingineko. Hilo nalo ni kweli. Lakini dawa ya malaria haiponyi mguu uliovunjika, na hakuna mganga mwenye akili anayeitupa kwa sababu hiyo. Adui mwenye makombora ni mbaya. Adui mwenye makombora na bomu la atomu ni mbaya mara mia. Anayekataa kuondoa hatari kubwa mpaka zile ndogo zote ziondoke, mwisho hubaki nazo zote.

Hoja ya tatu: masharti yangekwisha baada ya miaka 10 au 15. Ndiyo. Lakini muda huo ulikuwa wa kupata mapatano mengine kabla haya hayajaisha. Tazameni sasa yaliyotokea walipoukataa muda huo.

Tarehe 8 Mei 2018 Rais Donald Trump aliitoa Marekani katika mapatano. Wakati huo wakaguzi wa Vienna walikuwa wameandika mara nyingi kwamba Iran inayashika masharti. Vikwazo vikarudishwa. Iran ilingoja mwaka mmoja, kisha ikaanza kuvuka mipaka hatua kwa hatua. Nayo katika hilo haina sifa, maana kosa la mwenzako halikufanyi wewe mtakatifu. Mwezi wa Aprili 2021 ilifika sehemu 60 katika 100, na kutoka 60 kwenda 90 si mbali, kwa kuwa kazi kubwa ya kupepeta imekwisha kufanyika. Mwaka 2022 iliondoa kamera za wakaguzi. Kufika Juni 2025 ilikuwa na zaidi ya kilo 400 za urani ya kiasi hicho cha 60. Tarehe 13 ya mwezi huo Israeli ilianza kupiga. Tarehe 22 Marekani ilitupa mabomu Fordow, Natanz na Isfahan. Mamia ya watu walikufa Iran, na katika Israeli pia watu waliuawa majumbani mwao. Je, walipata hakika? Hapana. Katika miezi iliyofuata ya mwaka 2025 wakaguzi walisema hawawezi kuthibitisha urani ile iko wapi. Mwaka 2016 iliandikwa kilo kwa kilo katika vitabu vyao. Baada ya mabomu hakuna aliyeweza kuionyesha.

Wapinzani hupenda pia kutaja Korea ya Kaskazini. Wasema: ilipatana na Marekani mwaka 1994, ikadanganya, ikapata bomu. Ni kweli kwamba ilidanganya, ikitafuta njia nyingine kwa siri. Lakini kwa miaka minane ya mapatano yale tanuri la Yongbyon lilizimwa, na wakaguzi walikuwako. Yalipovunjika, mwishoni mwa mwaka 2002, wakaguzi walifukuzwa; tarehe 9 Oktoba 2006 Korea ililipua bomu lake la kwanza. Mfano huo wautumia vibaya: bomu lilipatikana baada ya mapatano kufa, si yalipokuwa hai.

Sasa tuje kwenye dini, kwa kuwa ndiko wanakokimbilia. Wasema Biblia yakataza agano na wasioamini. Wasome zaidi. Yakobo na Labani hawakuaminiana hata kidogo: Labani alikuwa amemdanganya Yakobo juu ya mke na juu ya mshahara, naye Yakobo alimtoroka kwa siri. Walifanya nini? Walikusanya chungu ya mawe, wakaapa kwamba hakuna atakayeivuka ili kumdhuru mwenzake, na Mungu awe mwangalizi kati yao wasipoonana. Hawakukumbatiana kwa kuwa wamekuwa marafiki wapya. Waliweka mpaka na shahidi. Vienna nayo ilikuwa chungu ya mawe ya namna hiyo.

Tena someni habari za Wagibeoni katika kitabu cha Yoshua. Wapagani wale walipata agano kwa hila, wamevaa viatu vilivyochakaa na kubeba mkate mkavu ili waonekane watu wa mbali. Hila ilipojulikana, watu walinung'unika, lakini wakuu wa Israeli walikataa kuvunja kiapo. Baadaye mfalme Saulo alikivunja, akawaua. Na katika siku za Daudi njaa ya miaka mitatu iliipata nchi kwa sababu ya damu hiyo. Ikiwa Mungu alidai kiapo kilichopatikana kwa uongo kishikwe, ni nani atakayesema kwamba neno lililotolewa wazi, mbele ya mataifa yote, laweza kutupwa kama karatasi chafu? Na Bwana wetu mwenyewe, alipotoa mfano wa mfalme anayejiona dhaifu kuliko mwenzake, alisema mfalme huyo hutuma wajumbe kuomba amani adui akiwa bado mbali. Hakumwita msaliti.

Kanisa limeshika njia hiyo hiyo. Mwaka 1962 Urusi na Marekani zilipokaribia kupigana kwa sababu ya Kuba, Papa Yohane XXIII alizisihi kwa radio zisikatae kuzungumza. Aprili 1963 alitoa barua yake ya Pacem in Terris. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo serikali ya Moscow, iliyokuwa ikiwatesa Wakristu, ilitia sahihi pamoja na Marekani na Uingereza mapatano ya kuacha kujaribu mabomu ya atomu hewani, majini na juu angani. Vivyo hivyo mwaka 2015 maaskofu wa Marekani waliwaandikia wabunge wao wayaunge mkono mapatano na Iran, na Papa Fransisko akayasifu mbele ya Umoja wa Mataifa. Basi, anayewaita wasaliti wote waliopatana na adui ajue ni akina nani anaowatukana.

Nasi jambo hili latuhusu kwa sababu moja iliyo nzito. Sehemu kubwa ya urani ambayo Wamarekani walitumia kutengeneza mabomu yao ya kwanza ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi. Baba zetu waliichimba bila kuambiwa ni ya nini. Mwezi wa Agosti 1945 Hiroshima na Nagasaki ziliteketea, na huko Nagasaki kanisa kuu la Urakami lilianguka pamoja na maelfu ya Wakatoliki wa parokia ile. Baba zetu hawana hatia, maana hawakujua. Sisi tunajua. Mtoto wa nchi ya Shinkolobwe hana ruhusa ya kusema ovyo: «Acheni wapigane, mazungumzo ni ya waoga.»

Kwa hiyo, ndugu Mkristu, mtu akija kwako na maneno hayo, usimkasirikie. Mwulize maswali matatu. Bila mapatano, nani atakayehesabu urani? Vita vikiisha, je, hawatarudi kukaa mezani, wakiwa na makaburi mengi zaidi? Na wewe unayesema adui hastahili neno lako, neno lako mwenyewe lina thamani gani ukilivunja? Akikosa jibu, mwombe akae nawe apige magoti, mkawaombee wanaotawala mataifa, wa Marekani, wa Israeli na wa Iran pia. Kuwaombea adui tumeagizwa na Kristu. Naye amwombeaye adui yake asubuhi asikatae kuzungumza naye jioni.